Mvutaji sigara akianza mazoezi, mapafu hupata nini?

Miongoni mwa wavutaji sigara wa Taita Taveta, kama ilivyo kwingineko nchini, kuna imani kwamba jasho hutoa moshi mwilini. Kijana huvuta wiki nzima, Jumamosi akaingia uwanjani kukimbizana na mpira kwa dakika 90, na akitoka hapo hujihesabu kuwa amelipa deni la wiki. Mzee naye husema amepanda na kushuka milima ya Taita tangu utotoni, kwa hiyo sigara zake sita kwa siku haziwezi kumdhuru.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Mazoezi humsaidia mvutaji, tena kwa njia ambazo zimepimwa. Lakini hayasafishi mapafu, na anayeyatumia kama ruhusa ya kuendelea kuvuta anajidanganya kwa gharama kubwa. Somo hili linaeleza kiasi gani cha msaada kinapatikana, kinatoka wapi, na namna mkazi anayevuta, au aliyeacha juzi, anavyoweza kuanza mazoezi bila kujiumiza.

Hewa inayoingia ikakwama

Ugonjwa unaohofiwa hapa madaktari huuita COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Si pumu, ingawa huchanganywa nayo, na si kifua kikuu. Humjia mtu polepole, kwa miaka, na mara nyingi hugunduliwa wakati sehemu kubwa ya uwezo wa mapafu imeshapotea.

Moshi unaopita kifuani kila siku huharibu mambo mawili. Kwanza, huchoma kuta za mirija midogo inayopeleka hewa ndani. Kuta hizo huvimba na kutoa makohozi mengi, na vinywele vidogo vinavyofagia uchafu kuelekea kooni hulemaa. Hapo ndipo kinapotoka kile kikohozi cha alfajiri ambacho wavutaji hukiita cha kawaida. Hakuna kikohozi cha kawaida kinachomwamsha mtu kila siku. Pili, moshi hula kuta za vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Vifuko vyenye afya hunyumbuka kama mpira mpya wa manati. Vilivyoharibika hulegea kama mpira uliokaa juani. Huvutika, lakini haurudi.

Matokeo yake huwashangaza wengi: shida kubwa ya mgonjwa si kuvuta hewa bali kuitoa. Akiwa ameketi ana muda wa kutosha kuisukuma nje. Akianza kupanda ngazi au kubeba mtungi wa maji, pumzi huharakishwa, na kabla hewa ya kwanza haijatoka nyingine imeshaingia. Kifua hujaa na kuwa kigumu. Mtu huhisi anakosa hewa ilhali kifua chake kimejaa hewa iliyokwama.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, COPD ilikuwa ya nne kati ya sababu kuu za vifo ulimwenguni mwaka 2021, ikiua watu milioni 3.5. Karibu asilimia 90 ya vifo vya ugonjwa huu kwa watu walio chini ya miaka 70 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwamo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu tumbaku ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini, karibu watu milioni 2.5, waliitumia kwa namna moja au nyingine: wanaume asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5.

Hata hivyo sigara haiko peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya kaya nchini zikipikia kuni. Mama ambaye hajawahi kushika sigara lakini amepika miaka 30 kwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha yuko katika kundi hilihili la hatari. Katika kaunti hii kuna pia wachimbaji wa vito wanaopumua vumbi la mawe mashimoni, na wafanyakazi wanaopumua vumbi la katani. Mvutaji anayefanya kazi hizo anaharibu mapafu kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Hesabu ya vijiko

Kipimo kinachotumika zaidi kufuatilia ugonjwa huu ni kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukisukuma nje kwa nguvu katika sekunde moja ya kwanza. Hupimwa kwa kupuliza ndani ya kifaa kiitwacho spirometa. Kila mtu mzima hupoteza kidogo cha uwezo huo kadiri anavyozeeka, hata asiyevuta. Suala ni kasi.

Utafiti uliojibu swali hilo vizuri ulianza mwaka 1986 nchini Marekani na Kanada. Ulifuatilia wavutaji 5,887 wa umri wa miaka 35 hadi 60 ambao njia zao za hewa zilikuwa zimeanza kuziba lakini bado hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Baada ya miaka 11, wanaume walioacha sigara na kubaki hivyo walikuwa wakipoteza takriban mililita 30 za hewa kila mwaka. Walioendelea kuvuta walipoteza takriban mililita 66. Kwa wanawake tofauti ilikuwa mililita 22 dhidi ya 54.

Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mwanaume aliyeacha hupoteza vijiko sita kwa mwaka. Asiyeacha hupoteza zaidi ya vijiko 13. Kwa mwaka mmoja tofauti hiyo haisikiki. Kwa miaka 20, wa kwanza amepoteza chupa mbili za soda za mililita 300, na wa pili amepoteza zaidi ya nne. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa mazoezi, lakini kasi ya kupotea hupungua tangu mtu anapoacha. Kwa sababu hiyo kauli ya "mapafu yangu yameshaharibika, sasa kuacha ni kazi bure" haina msingi. Watu waliofuatiliwa katika utafiti huo walikuwa tayari wameanza kuharibika.

Je, mazoezi yanaongeza nini kwenye hesabu hiyo? Watafiti katika jiji la Copenhagen, Denmark, walifuatilia wakazi 6,790 kwa takriban miaka kumi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Wavutaji waliokuwa wakijishughulisha kwa kiwango cha wastani au cha juu walipoteza uwezo wa mapafu polepole kuliko wavutaji waliokaa tu, na uwezekano wao wa kupata COPD ulikuwa chini kwa takriban robo. Tofauti ya kila mwaka ilikuwa mililita 2.6 kwa wenye mazoezi ya wastani, na 4.8 kwa wenye mazoezi mengi.

Mililita 4.8 haijazi hata kijiko kimoja. Kuacha sigara huokoa vijiko saba kwa mwanaume. Tafiti hizo mbili zilifanywa mahali tofauti na kwa namna tofauti, hivyo haifai kuzilinganisha kwa mizani ya dhahabu. Isitoshe, ule wa Denmark haukuwapangia watu mazoezi, na yawezekana kwamba baadhi ya waliokuwa wakitembea sana waliweza kufanya hivyo kwa sababu mapafu yao yalikuwa na nafuu tangu mwanzo. Lakini ukubwa wa tofauti uko wazi. Mchezaji wa Jumamosi anayevuta hadi Ijumaa amelipa kijiko kimoja kwenye deni la vijiko 13.

Basi kazi ya mazoezi ni ipi?

Kazi ya kwanza ni kuvunja kiu ya sigara. Kiu hiyo huja kwa mawimbi. Hupanda, hukaa dakika chache, kisha hushuka hata kama mtu hakuvuta. Tafiti nyingi fupi zimeonyesha kwamba kutembea kwa haraka kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza hamu hiyo wakati wa kutembea na kwa muda fulani baadaye. Kwa dereva wa bodaboda anayesubiri abiria stendi, mahali ambapo sigara hupita mkono hadi mkono, kuzunguka soko mara mbili ni njia halisi ya kuvuka wimbi moja.

Je, hilo hutosha kumfanya mtu aache kabisa? Hapa ukweli uelezwe bila kuongezwa chumvi. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1999 uliwahusisha wanawake 281 waliokuwa wakijaribu kuacha. Nusu walifanya mazoezi mazito mara tatu kwa wiki kwa wiki 12 pamoja na kupata ushauri. Nusu walipata ushauri na mafunzo mengine ya afya. Baada ya mwaka, asilimia 11.9 ya kundi la mazoezi walikuwa hawajarudia sigara, ikilinganishwa na asilimia 5.4 ya kundi la pili. Matokeo hayo yalisifiwa sana. Lakini mwaka 2019 wachambuzi walipokusanya tafiti 24 zenye watu 7,279, hawakupata ushahidi wa wazi kwamba kuongeza mazoezi kwenye ushauri huongeza idadi ya wanaoacha kwa muda mrefu. Kwa hiyo mazoezi ni fimbo ya kutembelea wakati wa kuacha. Anayeacha bado anahitaji miguu, yaani uamuzi wenye tarehe, ushauri, watu wa nyumbani wanaojua, na inapowezekana dawa za kupunguza kiu ya nikotini kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Kazi ya pili, ambayo haina ubishi, iko kwenye misuli. Mtu anayeanza kutweta huepuka mlima, kisha huepuka ngazi, kisha humtuma mtoto dukani. Misuli ya miguu hudhoofika. Misuli dhaifu hutumia oksijeni vibaya na huchoka mapema, na ikichoka huulazimisha mwili kuhema zaidi kwa kazi ileile. Anahema zaidi, anatembea kidogo zaidi, na mzunguko unaendelea hadi siku ambayo kuvaa viatu kunamtoa jasho. Mazoezi hayajengi upya vifuko vya hewa, lakini hufundisha miguu kufanya kazi kwa pumzi chache. Mtu mwenye mapafu yaleyale hufika mbali zaidi.

Hilo limepimwa hata kwa waliokwisha kuugua. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya majaribio 65 ya wagonjwa wa COPD uliona kwamba mpango wa mazoezi uliwaongezea wastani wa mita 44 katika mwendo wa dakika sita. Karibu na hapa, watafiti katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala waliendesha mpango wa wiki sita, mara mbili kwa wiki, kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kupona kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokamilisha waliweza kutembea mbali kuliko walipoanza. Mafunzo ya aina hiyo hayahitaji jumba la mashine. Yanahitaji nafasi ya kutembea, kiti, kitu chepesi cha kunyanyua, na mtu anayejua kusimamia.

Kazi ya tatu hutajwa kwa nadra: mazoezi hufichua ugonjwa. Anayekaa tu hajui kwamba anapungukiwa na pumzi. Anayetembea njia ileile kila wiki hujua.

Kabla ya hatua ya kwanza

Mvutaji mwenye umri wa miaka 35 au zaidi anashauriwa kupita kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya. Swali ambalo mhudumu atauliza ni amevuta kiasi gani maishani. Hesabu yake ni rahisi: idadi ya sigara kwa siku hugawanywa kwa 20, ambayo ni pakiti moja, kisha huzidishwa kwa miaka ya kuvuta. Anayevuta sigara kumi kwa siku kwa miaka 20 ana nusu pakiti mara 20, yaani 10. Wanaonunua mojamoja dukani hudhani wanavuta kidogo kwa sababu hawajawahi kushika pakiti nzima. Wakihesabu kwa siku tatu, kwa kuweka alama kwenye karatasi, wengi hukuta idadi kubwa kuliko waliyodhani.

Swali la pili ni la kuhema, na katika milima ya Taita lina mtego wake. Kila mtu huhema akipanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi kwa miguu. Kwa hiyo kipimo kisiwe mlima, kiwe wenzake. Mtu anayebaki nyuma ya watu wa rika lake kwenye njia tambarare, au anayelazimika kusimama kuvuta pumzi akiwa kwenye mwendo wake mwenyewe, ana dalili inayohitaji kupimwa. Anayesimama baada ya mita kama mia moja za tambarare asianze mpango wowote peke yake.

Picha ya eksirei peke yake haitoshi. Inaweza kuonekana safi wakati njia za hewa zimeshaanza kuziba. Kipimo kinachohitajika ni kile cha kupuliza, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza mhudumu kinapatikana hospitali gani na kuomba barua ya rufaa.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho jingi la usiku au kupungua uzito bila sababu ni dalili za kupimwa kifua kikuu kwanza. Mazoezi yasubiri majibu. Vilevile, maumivu ya kifua, kukohoa damu, kuzirai, miguu iliyovimba au shinikizo la damu lisilodhibitiwa humpeleka mtu kwa daktari, siyo uwanjani.

Wiki nane za kwanza

Mpango unaofuata unamfaa mvutaji ambaye amepimwa na kuruhusiwa, anayehema kidogo au asiyehema kabisa. Umejengwa juu ya kutembea kwa sababu kutembea hakuna ada wala sare.

Siku ya kwanza ni ya kupima. Mtu apime mita 30 kwa kamba kwenye uwanja wa shule au barabara tambarare, aweke mawe mawili, kisha atembee kwenda na kurudi kwa dakika sita kwa mwendo wa haraka anaoweza kuumudu. Akichoka anaruhusiwa kusimama, lakini saa isisimame. Idadi ya mita iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Pembeni iandikwe namba ya kuhema, kuanzia 0, ambayo ni kutohema kabisa, hadi 10, ambayo ni kuhema kusikovumilika.

Wiki ya kwanza na ya pili ni dakika 10 kwa siku, siku tano. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 15. Ya tano na ya sita, 20 hadi 25. Ya saba na ya nane, dakika 30, ambazo kwa siku tano hufikia 150. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa watu wazima katika mwongozo wake wa mwaka 2020. Wengi hukata tamaa kwa sababu wanaanza na dakika 30 siku ya kwanza, wanaumwa miguu siku ya pili, na siku ya tatu hawaonekani.

Kasi hupimwa kwa mdomo. Anayeweza kuimba anatembea polepole mno. Anayeweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba yuko sawasawa. Anayetoa neno mojamoja apunguze mwendo. Kwenye ile namba ya kuhema, lengo ni kati ya 3 na 5.

Siku mbili kwa wiki, mbali na kutembea, ni za nguvu. Zoezi muhimu kuliko yote ni kuinuka kwenye kiti na kuketi tena bila kushika kwa mikono, mara nane hadi kumi, kisha kupumzika na kurudia. Linajenga mapaja, na mapaja ndiyo hupanda mlima. La pili ni kupanda na kushuka kizingiti au ngazi moja, mguu kwa mguu. La tatu ni kunyanyua chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji hadi usawa wa mabega. Zikiwa nyepesi mno, zijazwe mchanga.

Kanuni moja hupita katika mazoezi yote hayo: pumzi itoke wakati wa kazi ngumu. Mtu akiinuka kitini, apulize nje. Akijikuta anatweta, asimame, ainame kidogo mbele akiegemeza mikono kwenye magoti au ukutani, avute hewa kwa pua akihesabu hadi mbili, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai ya moto, akihesabu hadi nne. Midomo iliyobanwa huzuia mirija isifunge mapema, na ile hewa iliyokwama hupata njia ya kutoka. Ni jambo dogo, lakini wagonjwa wengi wa mapafu wakiulizwa hutaja hilo kuwa ndilo lililowaondolea hofu.

Sigara isivutwe kabla ya mazoezi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni na kukaa humo kwa saa kadhaa. Anayevuta kisha akatembea huupeleka moyo kazini akiwa ameupunguzia mafuta. Wengi hugundua kwamba wakipanga matembezi saa ileile waliyozoea sigara, mathalani baada ya chai ya asubuhi, hupata faida mbili kwa mkupuo. Tarehe ya kuacha kabisa ifaa iwekwe ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo, wakati mwili umeshazoea mwendo na kabla ari haijapoa.

Mahali na saa ni suala la usalama pia. Voi na Taveta jua huchoma mapema, hivyo asubuhi ni bora kuliko mchana. Lakini wanaoishi kando ya mbuga za Tsavo wanajua kwamba ndovu hawajali ratiba ya mtu. Kusitembewe gizani wala peke yako kwenye vichaka, kupambazuke kwanza. Milimani, asubuhi za ukungu na baridi kali huweza kuwabana kifua wenye njia nyembamba za hewa, na kwao saa nne ni afadhali kuliko saa moja.

Wachimbaji na wafanyakazi wa mashambani husema kazi yao ni mazoezi tosha. Kwa misuli, pengine. Lakini nyundo inayopigwa ndani ya shimo lenye vumbi huupa mkono nguvu na kuyapa mapafu mawe. Kutembea kwenye hewa safi kunabaki na nafasi yake hata kwa anayechimba siku sita kwa wiki. Kumwagia mwamba maji kabla ya kuuchimba hupunguza vumbi, na kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii chembe ndogo zinazoleta madhara.

Akianguka njiani

Kurudia sigara moja kwenye matanga au harusi si sababu ya kufunga daftari. Watu wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Kinachofaa ni kuandika ilivutwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha kutembea kesho yake kama ilivyopangwa. Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye anaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 1192 ya NACADA, mamlaka inayoshughulikia vita dhidi ya ulevi na dawa za kulevya, au kumwendea mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Uzito huongezeka kidogo kwa wengi wanaoacha, na baadhi, hasa akina mama, hurudi kwenye sigara kwa sababu hiyo. Matembezi ya kila siku hupunguza ongezeko hilo. Kilo chache zilizoongezeka, hata zisipoisha, ni nafuu kuliko sigara.

Mwisho wa wiki ya nane, kipimo cha dakika sita kirudiwe mahali palepale, kati ya mawe yaleyale, na ikiwezekana saa ileile. Ongezeko la mita 30 au zaidi kwa kawaida huwa ni mabadiliko ambayo mtu anayahisi maishani. Ambaye namba yake ya kuhema imeshuka kwa umbali uleule naye ameendelea mbele, hata kama mita hazikuongezeka. Lakini aliyefuata mpango wote, mita zake zikabaki pale pale au zikapungua, ama kikohozi kikazidi, arudi kituo cha afya na daftari lake mkononi. Kurasa zile zenye tarehe na mita zitamsaidia mhudumu kuamua ni nani apelekwe kwenye kipimo cha kupuliza wiki hiyohiyo.